Barua ya wazi kwa wakubwa wa kilimo: tufundisheni kilimo cha vipimo kwa simu tulizonazo na mashamba tuliyonayo

Waheshimiwa wa Wizara ya Kilimo, wakuu wa vyuo vya kilimo, walimu wetu wa SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) na ndugu zetu wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, shikamooni.

Naandika kutoka Ilula, wilaya ya Kilolo mkoani Iringa. Nalima nyanya na mahindi, na kwenye kikundi chetu mimi ndo nimechaguliwa kuwa mwezeshaji, yaani yule anayetumwa semina alafu akirudi anawaeleza wenzie. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu haya nimeyabeba muda mrefu na naona kila msimu unapita tunarudia yale yale.

Mwaka juzi nilijiunga na kozi ya onlaini ya kilimo cha usahihi, ambacho mimi nakiita kilimo cha vipimo, hiki cha GPS (mfumo wa satelaiti unaoonyesha mahali ulipo) na picha za satelaiti na vihisi vya kupima hali ya udongo na droni. Kozi ilikuwa bure, ya chuo kimoja ambacho sitakitaja, na naamini walioiandaa walikuwa na nia njema kabisa. Somo la kwanza lilikuwa vidio ya dakika 45. Sasa hapa kwangu mtandao unashika vizuri sehemu moja tu, kwenye mpera ulioko juu ya shamba la jirani, na hapo ni usiku saa nne watu wakishalala, basi nikawa nakaa pale na koti na tochi nasubiri kile kiduara kinazunguka tu, bando la wiki likaisha siku ya pili. Na nilichokuja kuona ni trekta linajiendesha lenyewe kwenye shamba la ngano ambalo mwisho wake hauonekani, mwalimu anaeleza kwa Kiingereza jinsi mashine inavyobadilisha kiasi cha mbolea kila inaposogea. Nilielewa, na nilipenda sana, lakini mimi nina heka moja na nusu na mbolea naweka kwa kisoda, yaani kifuniko cha chupa ya soda.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa dakika 60. Mtandao ukakata dakika ya 20, nilipofanikiwa kurudi mfumo ulishafunga na umeandika nimefeli. Niliandika barua pepe tatu sikujibiwa. Iliniuma, maana hela ya bando nilikuwa naitoa kwenye hela ya dawa ya nyanya.

Cheti nimeshakisahau. Ninachotaka mnisikilize ni hiki: kilimo cha namna hii kinafundishika kwa mtandao, na mkulima wa heka moja anakihitaji kuliko hata yule wa heka elfu, maana yeye akikosea mfuko mmoja wa mbolea amekosea msimu mzima. Ila somo lianzie shambani kwa anayejifunza. Apime kitu chake mwenyewe kwa mkono wake, alafu ndo aje kwenye simu. Mkianza na trekta mmeshatupoteza.

Ngoja niwape mfano ambao nimeuona kwa macho yangu. Nyie mnajua kwamba huku heka tunapima kwa hatua, sabini kwa sabini. Hiyo ndo heka ya kukodishiana, ya kulipana vibarua, ya kununulia mbolea, kila kitu. Sasa mtu mrefu mwenye hatua ya mita moja akipima sabini kwa sabini anapata mita za mraba 4,900, wakati heka yenyewe ni 4,047, na mama mfupi mwenye hatua ya sentimita 75 anapata kama 2,750 hivi. Wote wanasema wana heka moja! Wote wanaenda dukani wanaambiwa heka moja ni mifuko kadhaa, wananunua sawa, na mmoja anaweka mbolea kiduchu na mwingine anaunguza mimea. Alafu mwisho wa msimu tunasema mbolea ni feki.

Kwenye kikundi chetu kuna mzee mmoja amekodi "heka" kwa miaka sita. Siku ya Jumapili tulienda naye, nikawasha apu ya kupimia shamba, tukazunguka mpaka taratibu bila kukata kona. Mara ya kwanza ikasoma mita za mraba 3,240, ya pili 3,410, ya tatu 3,290. Vijana wakaanza kusema simu inadanganya. Hapo ndo nikawaeleza kwamba GPS ya simu hata sehemu ya wazi inaweza kupotea mita tano hivi, chini ya miti zaidi, kwahiyo unazunguka mara kadhaa unachukua wastani, na kama shamba ni dogo unathibitisha kwa kamba. Tukachukua kamba ya mita 50 tukapima pande zote, ikaja karibu na ule wastani. Mzee akakaa chini kwenye tuta akanyamaza muda mrefu. Akaniuliza, "Mwanangu, kwahiyo miaka yote hii nalipia heka napata robo tatu?" Nikamwambia ni robo tatu na kidogo, baba. Hakuwa na hasira, alichukua kijiti akaanza kupiga hesabu ya mbolea kwenye vumbi pale pale.

Waheshimiwa, hilo lilikuwa somo la GPS, la kosa la kipimo, la wastani na la hesabu ya mbolea kwa eneo, na lilichukua saa moja na nusu, na hakuna aliyesinzia. Kwenye ile kozi yangu mambo hayo hayo yalichukua wiki tatu na hakuna hata sehemu moja tulipoambiwa simama, toka nje, kazunguke shamba lako.

Na kisoda nacho. Msikidharau kisoda. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, walitumia kifuniko cha soda kama kipimo cha mbolea kule Niger na nchi nyingine, kwa sababu ni kipimo ambacho kipo kila mahali na hakina gharama. Tatizo letu hatukifundishi kama kipimo, tunasema tu "weka kisoda kimoja". Kisoda cha kufuta juu na kisoda cha mlima ni vitu viwili tofauti, na uzito unategemea mbolea gani, unaweza kupata gramu 4, unaweza kupata 6. Piga hesabu: mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, heka inabeba mashimo kama 18,000. Kwa gramu 4 unatumia kilo 72, kwa gramu 6 unatumia kilo 108. Tofauti ni kilo 36, huo ni zaidi ya nusu mfuko wa kilo 50, na imetokana na kidole kufuta au kutofuta! Klipu ya dakika mbili inatosha kuonyesha mkono unafuta kisoda, alafu kazi ya nyumbani ni kujaza visoda 20 ukapime kwenye mzani wa duka la karibu, ugawe kwa 20, utume jibu. Mwalimu akiwa na majibu ya watu mia tatu ataona nani hajaelewa bila hata kuondoka ofisini.

Kupima udongo ndo sehemu inayoniuma zaidi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna maeneo mengi yenye tindikali, na udongo ukiwa na tindikali kali ile fosforasi, kirutubisho cha mbolea unachokinunua kwa bei, inashikwa na udongo, mmea hauipati, kwahiyo unaweza kuongeza mbolea kila mwaka na mahindi yakabaki na majani ya zambarau vile vile wakati dawa yake ilikuwa chokaa. Serikali ililiona hilo, mwaka 2022 Rais Samia aligawa pikipiki kwa maafisa ugani pale Dodoma na vipima udongo vikapelekwa kwenye halmashauri, tulishangilia. Lakini nimewahi kufika ofisi moja, siisemi ni ya wapi, nikakuta kifaa kiko kabatini kwenye boksi lake, na kijana wa watu akaniambia kwa unyenyekevu kabisa, alifundishwa siku moja tu, anaogopa kukiharibu. Simlaumu hata kidogo. Siku moja ya semina haimpi mtu ujasiri wa kumwambia mkulima atumie laki mbili kwenye chokaa.

Afisa ugani kama huyo ndo mwanafunzi wa kwanza wa kozi ya onlaini. Ana elimu ya msingi ya kilimo tayari, ana kifaa, ana wakulima wanaomsubiri, kinachokosekana ni mtu wa kumwongoza mara kwa mara. Mpeni somo fupi kila wiki kwa msimu mzima, na kwenye kila somo arudishe kitu kutoka shambani: picha ya ndoo yake ya sampuli, namba alizosoma, ushauri aliotoa, alafu mtaalamu wa TARI amwambie hapa umepatia, hapa rudia. Na tafadhali mpeni bando la kazi, asijifunze kwa hela ya mboga ya watoto wake. Bajeti ya kilimo ilitoka bilioni 294 mwaka 2021/22 ikapanda hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, kwenye hela kama hiyo bando la maafisa ugani ni kitu kidogo sana.

Maana kuchukua sampuli peke yake kuna mambo mengi ambayo slaidi haiyasemi. Unatembea zigizaga, unachukua sehemu 15 au 20, kina cha sentimita 20, unaruka kichuguu, unaruka palipokuwa na zizi, unaruka njia ya watu, unaruka pale mlipochoma mabua. Ndoo iwe ya plastiki, ya bati inaweza kuacha zinki ikaharibu majibu. Unachanganya, unagawa mafungu manne, unatupa mawili, unachanganya tena mpaka ibaki kama nusu kilo, unaanika kivulini. Mara ya kwanza nilivyofanya niliona kazi ya bure kuchanganya changanya, mpaka tulipopeleka sampuli mbili za shamba moja, moja imechukuliwa sehemu moja tu karibu na choo cha zamani na nyingine imechanganywa vizuri, majibu yakaja kama mashamba ya mikoa miwili.

Sasa mtaniuliza, hivi wakulima wa kawaida wataweza vihisi? Nendeni Kiwere, hapa hapa Iringa, kwenye skimu ya umwagiliaji. Kwenye mradi ulioanza mwaka 2013, watafiti wa Australia, wakiwemo wa CSIRO (shirika lao la utafiti), wakishirikiana na watafiti wa hapa nchini waliwapa wakulima kifaa kinachoitwa Chameleon, yaani kinyonga. Vihisi vinafukiwa kwenye udongo kina tofauti tofauti, ukichomeka kisomeo kinawaka taa: bluu maji yapo ya kutosha, kijani ni ya wastani, nyekundu pamekauka. Hakuna namba, hakuna Kiingereza. Nilikaa na mama mmoja pale kwenye mfereji, amevaa kitenge amekunja mpaka magotini, akachomeka kisomeo, ikawaka bluu, bluu, kijani, akaniambia, "Leo simwagilii, huko chini bado kumelowa." Zamani alikuwa anamwagilia kila zamu yake ikifika, hata kama udongo umejaa, kwa sababu usipochukua maji zamu yako utaonekana mjinga. Na kumbe maji yale ya ziada yalikuwa yanashusha mbolea chini mizizi isikofika, walilijua hilo kwa kupima naitreti, kirutubisho cha mbolea kinachoyeyuka, kwenye maji yaliyopenya. Wakapunguza kumwagilia, mavuno yakapanda, na wa mwisho wa mfereji nao wakaanza kupata maji, ugomvi ukapungua.

Kile ndo kilimo cha usahihi. Ndo maana mimi kwenye kikundi nakiita kilimo cha vipimo, na ningeomba hata nyie mkiite hivyo, maana ukimwambia mtu "usahihi" anadhani unamwambia analima makosa, ukimwambia "vipimo" anauliza, tunapima nini?

Kuhusu satelaiti naomba mtufundishe kwa ukweli. Picha za Sentinel-2 za Ulaya ni za bure, zinapatikana kila baada ya siku tano hivi, na wazo lake ni rahisi kulieleza kwa Kiswahili: jani lenye afya linanyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi ule mwanga wa infraredi tusiouona, kwahiyo ukilinganisha hiyo miwili unajua wapi mmea umechoka. Lakini kila kipande cha picha ni mita 10 kwa 10, kwahiyo heka moja ni vipande kama 40 tu, na vya pembeni vimechanganyika na migomba ya jirani. Na mvua zetu ni kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, ndo mahindi yako shambani na ndo mawingu yametanda. Kwa mwenye heka nusu, kupita shambani asubuhi kunamsaidia kuliko picha. Kwa skimu nzima au kwa afisa mwenye vijiji vinne, hapo picha ni dhahabu, anajua aanzie wapi na pikipiki yake. Kozi isitwambie kila kitu kinamfaa kila mtu. Droni nazo hivyo hivyo, zina vibali vya TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na gharama yake, zifundisheni kwa vijana watakaotoa huduma na kwa vyama vya ushirika, sisi wengine tunatosheka kujua kazi yake ni nini na tumuulize nini anayekuja kuturushia.

Namna ya kuyafikisha masomo haya mbona tunaijua toka zamani. Baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi kwenye Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio, mwaka 1973. Mnaikumbuka? Watu wazima kama milioni mbili walisoma kwenye ile kampeni, bila intaneti. Kikundi kinakaa, kinasikiliza redio, kiongozi anasoma kijitabu, mnajadiliana, alafu hamtoki hapo bila kukubaliana cha kufanya, na watu wakachimba vyoo kweli. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, ya lishe, kwa mtindo ule ule. Baba alikuwa na kile kijitabu mpaka kinachanika, alikuwa anasema redio ilikuwa nusu saa lakini mabishano yalikuwa masaa mawili, na kwenye mabishano ndo watu walielewa. Sasa hivi badala ya redio peke yake tuna simu. Mnaweza kututumia sauti ya dakika tano, hiyo haifiki hata MB 3, na picha mbili tatu na swali moja. Kiongozi wa kikundi anapakua sehemu yenye mtandao, anawachezea wenzie hata kwenye spika, wanaenda shambani, anarudisha majibu. Wenye vitochi wapate swali kwa meseji. Redio za mikoani zirudie somo hilo hilo wiki hiyo hiyo. Na akina mama watasoma, kwa sababu nyumba nyingi huku simu janja ni moja na anayo baba, akitoka nayo mama hana darasa, lakini kikundini anaenda.

Kwamba teknolojia inaweza kuishi bila mtandao wala tusibishane. Kuna apu ya PlantVillage Nuru, imetengenezwa na chuo kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA (taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto), inaongea Kiswahili, unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo inakwambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, na inafanya kazi bila bando. Kama hiyo imewezekana, basi somo la kupima heka halishindikani.

Na namba zetu mnazo. Tangu ruzuku ya mbolea ianze mwaka 2022 tumejiandikisha, mnajua niko kijiji gani, nalima nini, heka ngapi (hizo heka za hatua sabini, mzizingatie kwa tahadhari). Meseji ya "mbolea yako ipo kwa wakala" inanifikia vizuri tu chini ya mpera. Njia hiyo hiyo ilete somo. Ila muwe waangalifu na taarifa zetu, msitudai namba ya NIDA na ramani ya shamba kabla hata hatujaona somo la kwanza, maana nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkulima aambiwe ramani ya shamba lake inakwenda kwa nani.

Mtihani nao uwe wa kazi. Mtu akirudisha ukubwa wa shamba lake uliopimwa mara tatu, uzito wa kisoda chake, sampuli yake ya udongo na majibu, na msimu ukiisha alete mavuno ya eneo aliloweka mbolea kwa vipimo na ya eneo la pembeni yake aliloweka kwa mazoea, huyo amefaulu. Saa ya mtandao isihusike kabisa.

Waheshimiwa, kwetu sampuli za udongo tunachukua mwezi wa tisa, kabla ya kuandaa mashamba, na chokaa inatakiwa iingie mapema kabla ya mbegu. Kwahiyo somo likija Januari limechelewa mwaka mzima. Kikundi chetu kina watu 14, tunakutana Jumapili saa kumi jioni. Mkitutumia masomo matano ya sauti ya majaribio, ya Kiswahili, hata kama hayajakamilika, tutayasikiliza, tutaenda nayo shambani, na tutawaandikia neno kwa neno wapi watu walielewa na wapi walikwama. Yule mzee wa robo tatu ameshasema yeye ndo ataanza kuchukua sampuli.

Ni mimi,
Mkulima wa nyanya na mahindi, Ilula